Kuhusu Ile Bastola Uliyoisikia kwa Neema

Saint Louis Park, Minnesota

Mdogo wangu Simoni,

Nina miaka sabini na minne. Nimezika wake wawili na kaka zetu wote, nimekwenda vita vya Uganda nikarudi na miguu yangu yote miwili, nimepita miaka ile ya foleni ya sukari, na hapa nimemaliza baridi sita ambazo vijana wenye nguvu wanazililia. Kwa hiyo mtu akikuambia kaka yako amechanganyikiwa, muulize kwanza yeye amepita mangapi.

Nakusalimu sana. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anakukanda kwa maji ya moto au ameshachoka na wewe? Viazi vimetoka? Sisi hapa wazima, theluji imeanza kuyeyuka, barabara zote matope.

Sasa nasikia Neema alikupigia simu akilia kwamba baba amenunua bastola, na wewe ukajibu nirudishwe nyumbani nikalime. Simoni, mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Soma mpaka mwisho ndipo useme. Nimeandika kwa mkono wangu, siku tatu, kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Chanzo ni kituo cha basi. Unajua nafanya kazi hoteli moja kule Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Nakunja mataulo mpaka saa nane mchana. Hakuna anayekunja kama mimi, msimamizi huwaleta wapya waje waone mikono yangu. Neema kazi hiyo haitaki. Yeye ni nesi, anatunza wazee wa watu, na mimi anataka nishinde kwenye kituo cha wazee, nikarushiane puto na watu wanaosinzia. Nilimwambia, maadamu natoka na kurudi kwa miguu yangu, huko siendi.

Basi siku moja mchana kweupe nimeshuka basi, vijana wawili wakanisimamisha. Mmoja alinishika kola, mwingine akachukua simu na kofia. Kofia, Simoni! Na baridi ile! Halafu hawakukimbia hata, waliondoka wakitembea, wanacheka. Mimi koplo mzima nikabaki nimesimama kama gunia. Nyumbani nilisema simu nimeisahau kwenye basi. Ningesema kweli, kesho yake ningekuwa kwenye puto. Lakini tangu siku ile, nikifika kituoni nageuka nyuma mara kumi. Siyo woga, ni tahadhari ya askari.

Niliyemwambia ni mmoja tu, Kiprono, Mkenya wa mlango wa jirani, mzee mwenzangu ingawa mimi namzidi. Akasema, "Mzee, hapa watu wanabeba. Unafanya training, unaapply permit kwa sheriff, unanunua kitu kidogo ya pocket, hakuna mtu atajua. Mimi nita-drive, nikupeleke."

Karatasi zangu za kuishi ninazo, sheria inaniruhusu. Tukaenda Anoka, mji wa zamani huko kaskazini mtoni, kuna duka. Muuzaji ni mama mwenye mvi, miwani imening'inia shingoni. Kiprono akawa mkalimani. Mama akauliza nimewahi kushika silaha? Nikamwambia Kiprono, "Mwambie nimeshika kubwa kuliko duka lake." Sijui alimwambia nini, yule mama alicheka.

Ya kwanza aliyonipa ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Vidole viwili tu ndivyo vinavyopata mahali, cha tatu kinaning'inia. Nikadhani ndogo ni laini. Akanipeleka chumba cha nyuma cha kulengea, nikapiga moja. Simoni, ilinipiga teke hilo, bunduki ya vita ilikuwa na adabu kuliko ile! Mama akaeleza kwamba kadiri zilivyo ndogo ndivyo zinavyorusha mkono, hazina uzito wa kumeza kishindo.

Ya pili ilikuwa bapa, inakaa mfukoni kama pochi. Nzuri sana. Ila lazima uikoki, uvute kile cha juu kirudi nyuma. Nikavuta. Kikagoma. Nikavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikanisimama.

"Imekaza," nikasema. "Ni mpya."

Kiprono akaichukua akaivuta, tra! "Mpya kwako tu, Mzee."

"Wewe umekula nini leo?"

"Sijakula kitu. Ni hizo vidole zako, zimezoea mataulo."

Yule mama hakucheka. Akatoa ya tatu, ile yenye kikopo cha risasi kinachozunguka, tano tu, na nyundo yake imefichwa ndani isikwame kwenye kitambaa. Haina kukoki. Triga yake nzito, lakini kidole changu kiliiweza, na nilipiga karatasi kifuani mara nne kati ya tano. Ile ya tano karatasi ilitikisika. Nikasema, nimepata yangu.

Mama akakataa kuniuzia siku ile. Akasema nimalize kwanza mafunzo na kibali, na huku nasubiri akaniazima ya mazoezi, ya raba nyeusi, umbo lile lile, uzito ule ule, haipigi kitu. Niivae wiki nzima mfukoni nione kama naweza kuishi nayo. Akaniambia na sharti: mfuko wa bastola haukai kitu kingine chochote, si funguo, si sarafu, si leso, maana kitu kikijipenyeza kinaweza kuvuta triga. Kiprono alinitafsiria mara mbili. Nikatii kama askari. Vyote vya mfuko wa kulia nikavihamishia wa kushoto.

Sasa sikiliza. Mjukuu wetu Tumaini, mtoto wa Neema, ana miaka sita. Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza, hata umpe nini. Kitu kimoja tu nimemshinda: nikirudi kazini akinipa shikamoo, nikiitika marahaba, ana ruhusa ya kuingiza mkono mfuko wangu wa kulia achukue peremende. Nilimfundisha mwenyewe miaka miwili.

Siku ya tatu nimeingia mlangoni navua viatu, nimeinama. Nikasikia, "Shikamoo Babu!" Nikasema marahaba kwa mazoea. Kuinua uso, Tumaini ameishika kwa mikono miwili, kidole kwenye triga, amenielekezea usoni. Anacheka. Neema amesimama jikoni na sufuria mkononi.

Nilijua ni raba. Niliiweka mwenyewe. Mwili haukujua, Simoni.

Nikaichukua, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Neema alipogonga sikufungua, kwa sababu sikutaka kuulizwa na mtoto niliyemzaa. Ndipo akakupigia. Hakusema uongo, alisema alichoona. Kosa ni langu, na sisemi mara mbili.

Nilikaa kitandani napiga hesabu. Kwenye kiuno? Tumaini huniparamia kila mahali. Kwenye kisanduku cha kufuli? Basi kituoni nitakuwa nayo, ila kati ya mlango na kisanduku kuna Tumaini. Imebaki nimfundishe asinikaribie, anisalimie kutoka mbali. Hiyo ningeiweza kwa wiki moja, watoto hujifunza haraka. Nikajiona nimekaa kwenye kochi, mtoto amesimama ukutani ananiangalia.

Asubuhi nikamwambia Neema yote. Vijana wale, kofia, simu. Akaweka mikono kichwani.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ungenifungia ndani."

Akaishusha, akasema, "Ningekufungia, kweli."

Tukapatana hapo hapo, mezani. Silaha haiingii nyumba hii. Na mimi siendi kwenye kituo cha wazee. Kazi naendelea nayo, ila nageuza zamu kidogo nirudi na basi la saa tisa linalojaa watu, na nikishuka nampigia kwa simu mpya, tunaongea mpaka nifike mlangoni. Kupiga simu njiani kama mwanafunzi sikupenda, lakini nimemshinda katika lile kubwa.

Raba ya watu nimeirudisha Anoka. Yule mama alinipa mkono. Jumatatu nikashuka kituoni peke yangu, nikageuka nyuma. Mara nne tu.

Msalimie shemeji, na dada yetu mkubwa mwambie kaka yake bado anakunja mataulo. Mchungaji naye, asije akaniombea kama mgonjwa.

Ukiona nimeongeza chumvi, mashahidi wapo. Kiprono atakueleza habari za duka, ila kwenye kukoki usimsikilize. Neema atakueleza tulivyopatana. Uso wangu ulivyokuwa pale mlangoni aliuona Tumaini peke yake, na huyo nakuomba usimuulize.

Kaka yako,
Koplo Yonathani