Mstari wa Kijani

Jumatatu, 7 Juni 2004

Swalehe amerudi kutoka Dar. Amerudi na miwani ya jua, mfuko wa CD, na neno "vesheni". Kibiti nzima imepona!

Shemeji Husseini, mwenye duka hili la kompyuta, amempokea kama mgeni wa serikali. Mimi nilikuwa nachapa barua ya watu wa korosho, sikuinuka. Swalehe kaja kasimama nyuma yangu. Sister, bado mnacheza ile gemu ya zamani? Nikamwambia ndiyo, na ugali wa zamani tunakula vilevile. Akacheka. Hakuelewa.

Ile gemu ya zamani! Mwaka wa nne huu tangu kaka Amri achukue gemu ya anga ya Wazungu, afungue mafaili yake, aanze kuichokonoa. Akatoa nyota zao, akaweka zake. Kompyuta za dukani zimeunganishwa kwa nyaya, watu wanaruka anga moja kwa pamoja, kila mtu na chombo chake, wanabeba chumvi na boriti kutoka sayari hii kwenda ile. Ramani hakuna. Amri alikataa. Alisema mtu ukishampa ramani anakuwa mpagazi.

Kisha wakamhamishia kufundisha Kiongoroni, kule deltani karibu na bahari, umeme hakuna hata wa dawa. Tangu hapo anachora anga mpya kwenye karatasi, anawapa watu wa boti, zinanifikia, nachapa ndani ya gemu. Yeye anaumba, mimi nachapa. Dunia ndivyo ilivyopangwa.

Ijumaa, 11 Juni

Vesheni mpya ya gemu imewekwa kwenye kompyuta. Sifa zote kwa Swalehe.

Vyombo vipya tele! Kimoja kimetoka gemu ya Wajapani, kingine kwenye filamu, kingine hata mwenyewe hajui kakiokota wapi. Shati la huyu, suruali ya yule, kofia ya marehemu — halafu tunajitazama kwenye kioo tunasema tumependeza. Sasa tuna mitumba ya angani.

Na kuna mstari wa kijani. Ukiwasha chombo unatokea mbele yako, unakupeleka mpaka kwenye faida. Shingo huigeuzi. Badru, karani wa ofisi ya kata, kafuata mstari kwenda, kafuata kurudi, kwenda, kurudi, mchana kutwa. Nikamuuliza, Badru, huko umeona nini?

Akafikiri kweli, maskini.

"Mstari," akasema.

Swalehe anasema huu ndio utandawazi. Shemeji anasema hili ni soko huria, mteja ni mfalme. Nimemtazama mfalme wetu. Alikuwa anakula karanga, macho hayapepesi.

Jumatatu, 14 Juni

Leo nimekwenda pembezoni mwa anga, kutembea tu.

Kule ndiko kulikuwa na kazi za Amri zenyewe. Kulikuwa na wingu la vumbi lenye vijito kama vya mikoko, ukiingia kijito kibaya unatokea ulikotoka. Kulikuwa na sayari ambayo hutui mpaka maji yake yajae, na ukichelewa kuondoka yanakupwea, unakaa. Kulikuwa na kituo kitupu, redio yake inasalimia kwa Kindengereko cha bibi yetu. Warda, nesi wa kliniki, alipokisikia mara ya kwanza alipiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia dukani.

Nimeruka, nimeruka. Chombo kikagota kwenye weusi kama kimegonga ukuta. Maandishi: MWISHO WA ANGA.

Nikamwita Swalehe. Kaja anatafuna. Ah, huko? Nimefuta, sister. Kompyuta zilijaa, vyombo vipya vinataka nafasi, na huko haendi mtu. Nimeangalia kumbukumbu za gemu. Miezi na miezi, hakuna aliyekanyaga.

Nimetafuta la kumtukana. Lililoniuma ni kwamba anasema kweli.

Shule zimefungwa. Amri yuko njiani.

Jumamosi, 19 Juni

Amri kaingia adhuhuri, boti mpaka Nyamisati, kisha gari la mkaa. Kakonda, kawa mweusi, kanikumbatia akinuka moshi wa mwambao. Kabla hajanywa hata maji kauliza, kompyuta ipi iko wazi? Nikaanza: kaka, pumzika kwanza, kuna jambo. Keshakaa.

Kando yake nani? Mfalme Badru. Hamjui Amri, kahamia Kibiti juzi juzi. Akamwona mtu wa kandambili anashangaa kioo, akamhurumia.

"Kaka, wewe mgeni wa hii?"

"Kidogo," Amri akasema.

"Usiogope. Unaona mstari wa kijani? Fuata huo huo. Usikate kona, utapoteza muda."

"Na huku pembeni kuna nini?"

"Hakuna kitu huko."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo ilivyo tu."

Nilitamani ardhi ipasuke, imeze kompyuta zote na Badru juu yake. Amri akamshukuru! Akafuata mstari, adabu tele, mpaka mwisho. Gemu ikapiga tarumbeta. Badru akampiga begani: umeona? Rahisi!

Kaka yangu, aliyeumba kila nyota ya humo, kafundishwa kuruka na karani wa kata. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Jumapili, 20 Juni

Nimemweleza yote. Alikuwa anamenya muhogo nyumbani kwa dada, mke wa shemeji, kisu hakikusimama. Nikamwambia ninayo CD ya toleo la zamani, nairudisha leo hii, Swalehe na mitumba yake wakapande basi.

Kasema, waulize wanaocheza kwanza.

Niwaulize nini? Mtu hamwulizi mbuzi kama anataka kufungwa shambani au barabarani!

Kasema, Nasma, wale si mbuzi. Akaendelea kumenya. Ualimu umemharibu.

Jumanne, 22 Juni

Basi nikawauliza. Demokrasia! Shemeji kazima jenereta ili tusikilizane, na kwa uso wake ungedhani kazima moyo wake mwenyewe.

Nilisema vizuri. Niliwakumbusha wingu la vumbi. Niliwakumbusha jinsi walivyopotea, walivyoitana toka kompyuta hii hadi ile, njooni muone huku! Nikasema sasa mnafanana na ng'ombe wa kusukuma mkokoteni — najua ng'ombe havuti hivyo, nilikuwa na hasira.

Swalehe akasema maneno mawili: bomba, spidi. Kakaa.

Nikamgeukia Warda. Nilijua huyu wangu. Huyu ndiye aliyekigundua kile kituo, wiki nzima hakusema lingine. Akasimama na sare yake ya kliniki, akakunja mikono.

"Nasma mdogo wangu, usinichukie. Kutwa nzima mimi natafuta. Mama analeta mtoto, hajui kala nini, hajui homa imeanza lini, dawa zenyewe hazipo, natafuta tu, nakisia. Nikija hapa jioni nataka mahali ambapo najua ninakokwenda. Ule mstari unanipumzisha."

Nikasema haya, tupige kura.

Mikono ikanyooshwa. Mstari wa kijani umeshinda. Upande wangu ulikuwa mkono wangu, na wa Amri, ambao ulipanda pole pole kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Njiani kurudi nilimwambia Amri kwa sauti ya chini kwamba basi, imekwisha, asichore tena, nisichape tena. Hakubisha. Aliuliza swali moja la ajabu.

"Wewe umewahi kupotea mule ndani?"

"Nitapoteaje? Nimechapa mimi kila kitu."

"Hata mara moja?"

"Kaka, najua kila kijito kinakotokea kabla mtu hajakiingia!"



Alhamisi, 24 Juni

Amri kamwomba shemeji ile kompyuta mbovu iliyokuwa inazuia mlango usijifunge. Shemeji kampa kwa ukarimu mkubwa, huku akitafuta jiwe la kuziba nafasi yake.

Kaitengeneza. Kioo kimegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, lakini kinawaka. Kaiweka kona ya nyuma, kaitazamisha ukutani. Anachapa kwa vidole viwili, tik, tik, kama kuku anadonoa. Nikamwambia, nipe nikuchapie, utamaliza mwakani. Kasema hapana.

Hapana! Mimi, mchapaji wake! Nikasogea nichungulie. Kafunika kioo na kanzu.

Haya.

Jumatatu, 28 Juni

Bado anadonoa. Wateja wanampita kama nguzo. Swalehe kanong'ona, huyu braza wenu vipi, yuko sawa? Nimemjibu yuko sawa kuliko tarumbeta zako.

Lakini nami naanza kujiuliza.

Alhamisi, 1 Julai

Amri kaondoka asubuhi. Maji ya boti hayangoji mtu, na Jumatatu ana darasa.

Nimemsindikiza stendi. Nilitegemea ataniachia maelezo: hiki kiko hapa, kile usikiguse. Nikamuuliza, ile ya kona nikiifungua nianzie wapi?

Kasema, sijui, popote.

Na watu wakiuliza imekaaje?

Kasema safari hii hutakuwa na cha kuwajibu. Kapanda gari. Hata kupunga mkono alisahau, kashaanza kugombana na mtu juu ya kuku aliyekalia mzigo wake.

Nimekasirika kutwa. Miaka yote namchapia, leo ananifungia mlango! Nimechapa vyeti vya kuzaliwa kwa hasira mpaka mtoto mmoja nikamwandika kazaliwa kabla ya mama yake. Nimerudia.

Ijumaa, 2 Julai

Watu wote msikitini. Duka tupu. Shemeji kaacha jenereta ikiwaka kwa bahati mbaya, atajuta mwenyewe. Nilijiambia naifungua ile ya kona dakika moja tu, nione makosa ya herufi. Amri hajui kuweka nukta.

Nikawasha.

Weusi. Mstari hakuna, jina hakuna, maandishi hakuna. Nikadhani imeharibika. Kisha nikaona chombo kinasogea chenyewe kushoto, taratibu, kama kuna mkondo. Nikakirudisha. Kikasogea tena. Nikakiacha.

Swalehe kaingia kutoka swala, kofia bado kichwani. Kasimama nyuma yangu kama siku ile ya kwanza. Nikamsubiri aseme spidi.

"Mstari uko wapi?"

"Haupo."

"Sasa unajuaje unakokwenda?"

"Sijui."

Nimesema hivyo, kisha nikashtuka kwa nilivyosema. Sijui! Mimi! Sijui upande, sijui mbele kuna nini, sijui hata kama kuna kitu. Nikasogeza kiti karibu na kioo, mtu mzima, mbele ya kompyuta ya kuzuilia mlango.

Swalehe kavuta kiti. Hakuniuliza. Kavua miwani ili aone vizuri — ana macho ya kawaida tu, kumbe.

Mbele kukatokea mwanga. Mdogo. Kisha wa pili, chini yake, na huo wa pili unatembea.

"Ile ni nyota?" kauliza, sauti ya chini kabisa, kama kwamba itatusikia.

"Nyota haitembei."

"Chombo?"

"Nani akirushe? Tuko wawili tu humu."

Kasema tukate kulia, tuuzunguke. Nikasema tuuache mkondo utupeleke. Tumebishana. Nimempa usukani, ndiyo, nimempa Swalehe, na ninaandika haya hapa pembeni ili nisimnyang'anye. Anaruka vibaya. Anaegemea na mwili mzima, kama kiti ndicho kinachogeuka. Ule mwanga umezimika. Hapana, umewaka tena, umekaribia, na sasa kumbe ni mingi, imepangika kama madirisha.

Jenereta inakohoa. Mafuta. Shemeji hayupo, na dumu liko nje kwenye jua, na mmoja wetu lazima aende, na hakuna anayeinuka.

Badru kaingia. Kakaa mahali pake, kawasha mstari wake, kageuza shingo — wallahi, kaigeuza! — kututazama.

"Mko wapi huko?"