Ng'ombe Amesingiziwa

Tetu, Nyeri
12 Juni 1989

Kaka Khisa,

Huku ni baridi na ukungu tu, lakini mahindi yameota. Nimesikia wewe na ndugu zetu mnataka kuja kunirudisha nyumbani, ati Wasike ananipiga. Msije.

Ni kweli jicho langu limevimba. Lakini shemeji yenu hunipiga akiwa usingizini. Daktari anasema ule ugonjwa wake wa kutetemeka umeingia mpaka kwenye ndoto. Anaota bado ni polisi, anapigana na wezi. Mchana mkono huohuo hauwezi kushika kikombe. Mimi ndiye humnywesha chai.

Akiamka hakumbuki kitu. Aliponiuliza jicho limefanya nini, nilimwambia ng'ombe alinipiga teke nikimkamua. Alilia, kaka. Hapo nikajua sitamwambia ukweli kamwe.

Jana nilitoka kanisani nikakuta zizi tupu. Amemuuza. "Tryphosa," akaniambia, "huyo hatakuumiza tena."

Leo nimeamka mdomo umepasuka. Yeye bado amelala. Akiamka, kaka, nitasema ni nani?

Dada yako,
Tryphosa