Nyuzi Mia Tatu

Lizaboni, Songea
14 Juni 1998

Mdogo wangu mpendwa Athanasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, shemeji Adela na wote walio nanyi hapo Hanga. Natumaini baridi ya mwezi huu haijawakamata vifua, na mahindi yameanza kuingia ghalani. Kuhusu hali yangu, siwezi kuandika kuwa ni mzima kama desturi inavyotaka. Tumbo limevimba, hakipiti kitu ila uji, na daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Mwandiko huu uliopinda ndio mzuri kuliko yote niliyojaribu wiki hii.

Binti yangu Judica ananitunza vizuri. Karakana yetu amepanga muuza mitumba. Palipokuwa na meza yako ya vyuma sasa yananing'inia makoti. Juzi Mzee Polikarp, mteja wetu wa zamani, alikuja kunijulia hali, akasema mikono kama yako haijapatikana tena mjini. Niligeukia ukutani nikajifanya nimelala.

Sasa nisikilize. Unaikumbuka gari ya Majaliwa, mwaka 1991. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, naye akaileta kutoka Dubai, ile yenye injini isiyo na pistoni, ambayo rota ya pembe tatu huzunguka ndani ya kasha. Aliyekuwa nayo kwanza alitoboa kasha matundu ya ziada ya kuingizia hewa, kwa ajili ya mashindano, na huku kwetu ikawa inakunywa petroli bila huruma. Majaliwa alitaka matundu yazibwe. Kasha ni aluminiamu, na mtu wa kuichomelea hatukuwa naye. Tukaamua kuziba kwa gundi ya chuma inayostahimili joto.

Dukani zilikuwapo aina mbili, kopo jekundu na kopo jeusi, maandishi yote Kiingereza. Kusoma ilikuwa kazi yangu, mimi niliyefundisha fizikia miaka ishirini. Jekundu liliandikwa nyuzi mia tatu, jeusi mia mbili. Nikachagua jekundu. Wewe ulinunua yote mawili, ukapaka tone la kila moja kwenye kipande cha aluminiamu, ukakiweka juu ya jiko la mkaa, kisha ukaja kuniambia kuwa jekundu linalainika kwanza. Nikakucheka mbele ya mteja: "Darasa la nne unamfundisha mwalimu joto?" Majaliwa naye akacheka, akasema, "Fundi, mwachie mwenye miwani." Ulichanganya kwa vipimo nilivyokusomea, ukaziba, ukasugua mpaka kidole hakikujua tundu lilikuwa wapi.

Gari ilipoondoka kwenda Makambako, haikufika. Kwenye mteremko wa Lukumburu gundi ilitoka, rota ikakwama, magurudumu ya nyuma yakajifunga katikati ya kona. Majaliwa alifia palepale. Injini ilipofunguliwa, watu walisema fundi alikosea kuchanganya. Mjane wake, Shukuru, alipomaliza eda alikuja karakana akakuuliza mbele ya watu, "Siku ile ulikuwa umelewa nini?" Ulinitazama mimi. Nami nikasema, "Mdogo wangu ana haraka, Mama, tumwombee." Mwezi huohuo uliuza spana zako, ukaenda kulima.

Athanasi, ulichanganya sawasawa.

Mia tatu ile ilikuwa ya Farenhaiti. Kwa nyuzi tunazotumia sisi haifiki hata mia na hamsini. Mia mbili ya kopo jeusi ndiyo ilikuwa ya Selsiasi. Hesabu hiyo niliwafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, na wakishindwa niliwachapa.

Laiti yangeishia hapo. Kosa hilo sikuligundua baada ya ajali. Asubuhi ile ya safari nililiosha kopo jekundu niwekee misumari, nikaiona herufi ndogo pembeni ya namba. Gari ilikuwa bado uani. Majaliwa alikuwa anafunga mzigo kwa kamba, wewe unampangusia kioo. Neno lilikuwa moja tu, subiri. Nikakumbuka tulivyokucheka siku tatu nyuma, nikaona utacheka wewe sasa. Nikajiambia gundi haiwezi kukosa akiba kidogo juu ya namba iliyoandikwa. Nikampungia mkono.

Shukuru nimemwandikia pia. Hajajibu, na sina haki ya kungoja.

Bruda Egidi, aliyekuja mjini kufuata mabati, atakukabidhi barua hii pamoja na kifurushi. Ndani mna kipande chako cha aluminiamu. Nilikiokota jikoni siku ileile ya ajali, nikakificha sandukuni kwa miaka saba. Tone jekundu limetambaa mpaka ukingoni. Jeusi limesimama kama ulivyolipaka.

Chini yake utakuta wasifu wangu, nimeuandika mwenyewe. Kwa kawaida yetu, ndugu ndiye anayeusoma kaburini, na ndugu niliyebaki naye ni wewe. Ukikataa kuja, Judica anajua nani wa kumpa. Ukija, aya ya tatu, ile ya kopo jekundu, usiiruke kwa kunionea haya. Isome polepole, Polikarp haisikii vizuri sauti ya haraka, na watakaokosa kuisikia, yeye atawasimulia.

Mbebee shemeji salamu zangu, na wanao wote. Mungu awalinde, na mvua zijazo ziwakute na mbegu.

Ni mimi kaka yako,
Osmund