Fomu ya Arnel

Ijumaa, 21 Julai
Nimekula tena sambusa ndefu za Jovelyn. Kumi na moja. Mungu nisamehe.
Kazileta mwenyewe, kabla ya zamu yake ya usafi hotelini. Za shukrani, Kuya, bila wewe tungepotea Winnipeg hii! Kuya ni kaka kwa lugha ya kwetu, ndivyo wanavyoniita. Halafu akauliza: pesa za watoto za serikali hazikuingia jana, vipi? Nikasema kompyuta zao. Kaondoka ametulia. Mimi najua nini kuhusu kompyuta zao?

Jumamosi, 22 Julai
Nimemuuliza mke wangu kwa kuzungukazunguka. Eti kuna jamaa kazini, mkewe kajaza fomu ya kodi, yeye hakujaza. Mwaka jana hakupata hata senti, alikuwa anasomea leseni ya ufundi umeme. Akaambiwa asijisumbue.
Erlinda akageuka toka jikoni. "Kaambiwa na mpumbavu gani?"
Nikashika gazeti.
"Nestor!"
Kumbe hata kama hujapata kitu, unajaza. Sifuri unaandika sifuri. Mume na mke, wote wawili, kila mwaka. La sivyo, Julai pesa za watoto zinakatika.
Naungama: miaka kumi na tisa nchi hii, fomu zangu anajaza Erlinda. Mimi natia sahihi tu. Lakini Machi ile, ukumbini kanisani, wageni walinizunguka, Kuya hiki, Kuya kile, Arnel mume wa Jovelyn akauliza kama naye ajaze, nikamwambia asijisumbue — na nilikuwa na miwani mipya.

Jumatatu, 24 Julai
Nimekwenda kusema ukweli. Sijavua hata viatu, Jovelyn huyo: "Kuya, tumeamua! Wewe ndiye baba wa ubatizo wa mtoto!" Arnel akanikumbatia. Nikalia. Wakadhani furaha.
Nimerudi na sahani ya tambi.

Jumatano, 26 Julai
Pango lao ni tarehe mosi. Erlinda kachapa fomu ya Arnel, imebaki sahihi yake. Pesa zitarudi, anasema, na za nyuma pia, ila baada ya wiki kadhaa. "Pango utalipa wewe." Nikataja akiba yangu ya mashine ya kuzoa theluji. Akasema ndiyo hiyo hiyo.
"Na umwambie mwenyewe. Humbebi mtoto yule kanisani na uongo wako."

Jumapili, 30 Julai
Leo ubatizo. Naandika garini, nje ya kanisa. Shati la sherehe linabana — sambusa zile! Fomu ninayo, peni ninayo, pesa za pango kwenye bahasha. Humo ndani Padre ataniuliza mbele ya watu kama namkataa Shetani. Nimefanya mazoezi: Jovelyn, mdogo wangu, mimi sijui kitu. Basi. Maneno machache.
Jovelyn huyo anakuja, mtoto kiunoni. Nilidhani kabeba sahani. Siyo. Barua ya serikali, imefunguliwa.
Kagonga kioo. "Kuya, wewe ndiye mjuzi wetu. Hapa wanasema nini?"
Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia kuandika. Anasubiri. Mtoto ananichekea.
Nimevaa miwani.
Nimeivua. Nimeshika fomu, nafungua mlango.