Jina Walilotupa Wachina

Kaka Enock, shikamoo.

Hapa Iguguno alizeti zimechanua, na mdogo wako wa darasa la saba sasa anasoma Kichina. Usicheke. Sarafu za mtandaoni siku hizi zinabatizwa Kichina, hata Wazungu wa kundi letu wanahangaika kutafsiri. Wachina wana akili, kaka. Wanunuzi wadogo kama mimi wanatuita majani ya kitunguu: unakatwa, unachipua, unakatwa tena. Mkulima gani hataielewa lugha hiyo?

Mimi nimeshakatwa mara mbili. Juzi, ili ninunue tena, nilimfunga kamba maksai uliyeniachia, mnunuzi kasimama mlangoni. Nikalikumbuka jina langu, nikamfungua.

Yuko zizini, ananenepa. Njoo umchukue kabla sijachipua.

Nduguyo akupendaye,
Alute