Neno Moja Mbele ya Jina ya Solange

Lundi 2/6

Fiche makumi ine na moja leo. Vidole baridi kabisa, mwezi wa sita inatuuma. Nilivaa jaketi ya marehemu mume wangu, ile ya reli, mbele ya ordinateur, kompyuta ya kazi. Abbé Donatien, padri na mukubwa wa bibliothèque yetu, nyumba ya bitabu, alicheka. Acheke. Kazi yangu iko safi.

Tunatengeneza upya fiche za bitabu za zamani, maelezo ya kila kitabu, juu kanuni zimegeuka. Zamani baliandika kwa kukata-kata: « p. », « ill. ». Sasa neno muzima: pages, illustrations. Zamani, kama haujue kitabu ilichapwa wapi, unaweka « s.l. » na unanyamaza. Sasa unasema wazi kwamba haijulikane. Napenda ile. Inaonekana kama bantu bazima njo banaandika.

Abbé anarudilia kanuni yake kila asubui: andika yenye macho inaona pa kitabu, usiongeze, usipunguze. Juu katalogo haiko yetu peke yetu. Tuko bibliothèque saba kwa katalogo moja. Nikigusa herufi hapa, inageuka palepale ku Likasi na ku Kinshasa. Naingia na mot de passe, neno ya siri, ya Abbé. Mimi mwenye niliingia mu nyumba hii na ufagio, na miaka ine tu ya secondaire.

Siku kumi na mbili, kisha Solange wangu anafanya soutenance, anatetea kazi yake mbele ya baprofesa. Docteur. Mutoto wa Katuba, mtaa yetu!

Mardi 3/6

Leo nimekuta penye balimuficha mutoto yangu.

Kitabu juu ya mboga za kando ya muto Naviundu, kama vumbi ya mine, pale banachimba madini, iliingia mu majani ao hapana. Bantu munane baliiandika. Solange iko wa tano. Nakumbuka: alitembea mule na buti, akaleta sombe, majani ya muhogo, mu sachets, akakataza tusipike, ati ni ya kupima mu laboratoire. Nilikasirika. Ilikuwa sombe muzuri.

Sasa ile fiche. Jina ya profesa wa kwanza, kisha « [et al.] ». Nilimuuliza Abbé. Ni Kilatini, « na bengine ». Kanuni ya zamani: bakipita batatu, andika wa kwanza, bengine bakae inje. Miaka ine mutoto yangu iko « na bengine ». Nilimubeba miezi tisa. Sikubeba bengine.

Kanuni mupya inaruhusu bote. Nilibaandika bote munane, moja moja, vile beko pa ukurasa. Profesa na « Prof. » yake. Babili na « Docteur » yao. Halafu Solange Mujinga, hivi tu, kama muntu mwenye alikuja ku ndoa bila viatu.

Niliongeza. Neno moja. Docteur. Siku kumi na moja tu na itakuwa kweli.

Nilibonyeza « enregistrer », ichungwe. Furaha.

Jeudi 5/6

Nilimuonyesha Mama Kapinga fiche mu telefone, pa kiosque yake. Ni jirani yangu, na mutoto yake moja hakumaliza masomo, basi ilikuwa lazima aone.

— Docteur? Aangalie basi hii goti yangu.

— Hapana ya sindano, mama. Docteur ya udongo.

— Ah. Basi aangalie shamba yangu, nyanya inakataa.

Tulicheka. Kisha akasema, bila ubaya: « Lakini uliniambia soutenance ni samedi ya tarehe kumi na ine. Balimupa mbele? » Nilijibu ni mambo ya ordinateur, hawezi kuelewa. Nikaondoka mbio. Nilisahau hata mukate yangu kwake.

Vendredi 6/6

Nilifungua ile fiche mara mbili. Nitoe ao niache? Niliacha. Iko muzuri sana pale.

Lundi 9/6

Solange alikuja leo kutoka Makomeno, kwenye anapanga chumba. Hakuvua jaketi. Alikaa pa kiti ya mulango, kama mugeni.

Muntu moja wa jury, bale batamusikiliza samedi, alikuwa anahakikisha liste ya bitabu yake mu katalogo. Aliona « Docteur ». Leo secrétaire wa Faculté alimuita: ni nani alikupa hiyo jina? Unaanza kujiita docteur mbele ya sisi kukusikiliza? Kama ni yeye alijiandikisha, ni udanganyifu. Banataka kusukuma soutenance mbele mpaka bajue ukweli. Kama jury itaachana, itakusanyika tena lini? Moja wa jury anatoka Kinshasa, ticket yake iko ya samedi hii.

Miaka sita ya kazi. Mutoto yangu alilia na macho wazi, bila sauti. Akasema kuna muntu anamuchukia pa Faculté.

Na mimi nilisonga bukari, ugali yetu. Nilisonga muda murefu kuliko vile inaomba.

Yeye anatafuta adui. Adui alikuwa anamupa supu.

Mardi 10/6

Nilifika ku kazi mbele ya saa mbili. Nilitoa lile neno. Enregistrer. Nikapumua.

Halafu niliona kule chini. Sikukuwaka naangalia pale. Fiche inachunga alama za kila muntu mwenye aliigusa. Tarehe tatu: Abbé Donatien. Leo: Abbé Donatien. Hakuna jina yangu fasi hata moja. Sasa inaonekana kama Abbé aliandika uongo, kisha, wakati baliuliza, alikuja asubui kuufuta.

Nimeharibu mara mbili.

Mercredi 11/6

Barua ya Faculté imefika. Nilimuona Abbé akiisoma amesimama, miwani pa paji ya uso. Alikuja pa meza yangu polepole.

— Mama Solange, ni mimi niliandika hii?

— Sijue, mon père.

Nilisema ile. Nilimuambia padri, saa ine ya asubui, chini ya musalaba ya ukuta. Aliniangalia. Akasema basi ataenda kesho kueleza kwamba yeye mwenyewe hajue. Akarudi mu bureau yake, akafunga mulango bila makelele.

Kufunga bila makelele, njo ilinimaliza. Fiche mbili tu leo. Niliandika vibaya urefu ya kitabu, sentimetre mia mbili. Kitabu murefu kunipita mimi.

Jeudi 12/6

Nilimungoja Abbé pa mulango na ile kitabu ya mboga mu mikono. Niliongea mbele hajasema bonjour. Yote. Alisikiliza. Aliniuliza tu: « Umekula? » Sikukuwa nimekula. Tukaenda vile.

Mu bureau ya Faculté balikuwa batatu: secrétaire, mukubwa wa jury, na bwana moja mwenye alikuwa anaandika. Nilitaka kusema kwa Kifaransa, nilisha kutayarisha. Kifaransa ilikimbia. Nilisema kwa Swahili. Nilifungua kitabu pa ukurasa ya kwanza, nikaweka kidole pa jina. Nilibaambia: angalieni, kitabu haisemi docteur. Ni mimi nilisema.

Secrétaire, mwanamuke mukali na macho ya kuhesabu bantu, aliuliza:

— Nani alikutuma, mama?

— Hakuna. Ni furaha.

Bwana ya kuandika aliinua kichwa. Alitaka kucheka, akakumbuka iko fasi gani.

Balinipa karatasi. Niliandika kwa mukono yangu kwamba Solange Mujinga hakujua, kwamba Abbé hakujua, kwamba ni mimi mama yake, mufanyakazi wa bibliothèque, niliongeza neno yenye haikukuwa. Signature. Bakasema batajibu.

Solange alikuwa mu couloir, inje ya mulango. Balikuwa bamemuita na yeye. Alisikia yote, mulango ilikuwa nusu wazi.

Alisema tu: « Mama. Ungengoja siku kumi na moja. »

Akaenda zake. Alitembea haraka, na ile tembea ya baba yake. Sikumuita. Ningemuita nimuambie nini?

Vendredi 13/6

Hakuna jibu. Abbé amegeuza mot de passe yake. Ako na haki. Leo nilibandika étiquettes tu pa bitabu, kama miaka ile ya kwanza. Nilizibandika sawasawa kabisa, hakuna moja yenye imeinama.

Telefone ilinyamaza. Nilipasi pagne yangu, ile kitenge ya bluu, hata hivyo. Nikaikunja. Nikaipasi tena.

Saa kumi na moja ya jioni, message ya Solange: « Banakubali. Kesho saa tatu. » Hakuna « maman » mbele, hakuna busu nyuma. Niliisoma nikiwa nimesimama mu kipango, inje ya nyumba, na kuku za Mama Kapinga mu miguu.

Samedi 14/6

Nilikaa nyuma kabisa. Sikumuambia muntu wa kando yangu kwamba ni mutoto yangu. Dakika makumi tano, sikusema! Ulimi ilikuwa inaruka mu kinywa.

Balimuuliza juu ya udongo, juu ya zinki, juu ya sombe. Alijibu bila karatasi. Ile mwanamuke mukali alikuwa anaandika na kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Jury ilitoka, ikarudi. Tukasimama. Mukubwa alisema: Docteur Solange Mujinga. Alisema yeye. Hapana mimi.

Sikupiga vigelegele. Nilishika kinywa na mikono yote mbili. Inje, barafiki bake balimumwangia poudre ya mwili, vile tunafanya siku ya furaha, mpaka akakuwa mweupe kama unga ya muhindi. Mimi nilibakia kando ya ukuta, na poudre yangu mu sakoshi pa bega, haijafunguliwa.

Akanikuta pale. Akachukua sakoshi, akafungua poudre, akanimwangia mimi pa kichwa. Yote. Kope, pagne ya bluu, yote. « Piga basi, maman, » akasema. « Sasa unaweza. »

Nilipiga. Banasema ilisikilika mpaka pa barabara.

Lundi 16/6

Bado poudre mu masikio.

Abbé aliweka karatasi ndogo pa meza yangu. Mot de passe, na jina yangu mwenyewe juu. Alisema: « Ukikosa tena, ukose kwa jina yako. » Kila jioni ataangalia kazi yangu, fiche kwa fiche. Aangalie.

Niliingia. Mara ya kwanza jina yangu iko mule. Nilifungua fiche ya mboga za Naviundu. Munane bote bako. Wa tano: Solange Mujinga, hivi tu.

Sasa ni kweli. Hakuna muntu angenisemea kitu nikirudisha lile neno.

Nilifungua kitabu, ukurasa ya kwanza. Niliangalia muda murefu: kitabu haisemi docteur. Nikapima kitabu na rula, sentimetre makumi mbili na ine, kama fiche inasema.

Nilifunga. Nikachukua kitabu yenye ilifuata.