Binti Aliyezaliwa Jioni

Mwaka mmoja umezunguka, Chelagat, tangu simu ile itoke hospitalini na nyumba yetu ya Germantown, huku ughaibuni, ikanyamaza. Viatu vyako vya kazi bado viko mlangoni. Abigail, mdogo wako, huvipangusa vumbi kila Jumapili, na hakuna anayethubutu kumwambia aviondoe.

Uliipenda kazi yako. Katika nyumba ya wazee uliowahudumia, wengine walianza kwa kupima presha, wewe ulianza kwa swali: "Tukuite nani?" Babu mmoja alitaka aitwe Kapteni, ingawa maisha yake yote aliendesha basi la shule, nawe ukampigia saluti kila asubuhi hadi alipofariki.

Uchungu wa swali hilo uliujua. Ulipotuambia kwamba wewe ni mwanamke, Mama aliahidi kutokuita tena jina la zamani. Lakini jina la Kizungu ulilojichagulia lilimkwama kooni. Kwa miezi mingi akakuita "huyu mtoto". "Mwambieni huyu mtoto chakula kiko tayari." Ulikuja, ukala, hukulalamika. Ila Abigail alikusikia ukilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Baba naye aliteleza kila mara akaita lile la zamani. Ulimjibu kwa upole, "Huyo hayupo, Baba. Nikupokelee ujumbe?" Mwishowe alicheka, na tangu siku hiyo hakuteleza sana.

Kisha jioni moja Mama akaacha kusonga ugali, mwiko ungali mkononi.

"Kwetu mtoto hupewa jina la saa yake," alisema. "Wewe ulizaliwa giza likiingia, na saa hiyo haijabadilika. Ningejua nimezaa binti, ningekuita Chelagat. Sasa najua."

Ugali uliungua. Tuliula hivyo hivyo, nawe ukasema hujawahi kula mtamu kama ule.

Ulipotutoka, ndugu walipiga simu kutoka nyumbani wakitaka msalaba wa kaburi lako uandikwe jina la zamani, watu wasije wakauliza maswali. Mama aliwasikiliza hadi mwisho. "Wakiuliza, waje kwangu," aliwaambia. "Mimi ndiye niliyemzaa." Msalaba una jina lako.

Kundi la watu kama wewe, ulilolianzisha mjini Greenbelt, bado hukutana. Mliyakataa matusi mliyozoea kuitwa, mkatafuta maneno ya Kiswahili yenye heshima, na hamkumvika yeyote neno asilolitaka. Bupe wa Annandale alisema kwake "kaka" inatosha. Mwingine aliomba aitwe kwa jina lake tu, si kaka wala dada, na ikawa hivyo.

Siku hizi Mama ndiye anayewapelekea chai. Mwezi uliopita aliingia mgeni, akakaa karibu na mlango bila kuvua koti, kama mtu aliye tayari kukimbia. Wote walisita. Mama alimmiminia kikombe, akaketi kando yake.

"Tukuite nani, mwanangu?"

Mgeni alivua koti. Kisha akamtajia jina lake.

Unakumbukwa na wazazi wako, Festus na Euphrasia. Mdogo wako Abigail. Bupe, uliyemwita kaka, na wenzako wote wa Greenbelt.

Giza halitaingia bila sisi kukutaja, Chelagat. Daima.